Siku Mama Mboga, Askari na Kinyozi Walipokanyaga Grini

Jumapili jioni, mtaani Satellite. Mawingu ya Julai hayajafunguka tangu asubuhi.

Baridi imekaa kwenye vidole vyangu na haionyeshi dalili ya kuondoka. Nimevaa soksi mbili, nimejifunika leso ya Mama, chai iko kando, na ndani yangu kuna furaha iliyochanganyika na hasira. Naandika upesi kabla moja haijaimeza nyingine.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni Nafula, fundi wa kukereza chuma. Kwa miaka mingi nimefanya kazi katika karakana ya Bwana Njoroge, kwenye kichochoro nyuma ya Barabara ya Kirinyaga kule mjini, tukitengeneza vipuri vya mashine za kusaga unga na pampu za maji. Mwaka jana mteja mmoja alituletea fimbo ya gofu iliyovunjika shingo. Nikaitengeneza. Akaleta ya rafiki yake, rafiki akaleta za wengine, na kufikia Krismasi nilikuwa nimeambukizwa. Si kuucheza mchezo wenyewe, huo siuwezi na siutamani. Niliambukizwa ugonjwa wa ile fimbo moja bapa ya kuusukuma mpira taratibu mpaka uingie shimoni, ambayo wenyewe wanaiita putter.

Fimbo zile nyingine zinapigwa kwa nguvu na makosa yake yanapotelea hewani. Putter inaugusa mpira polepole, na chuma kikiwa kimechongwa ovyo, mpira unakusema mbele za watu. Mimi napenda kazi ya namna hiyo.

Basi nikaunda zangu, aina tatu. Mama Mboga ni mpana, mzito upande wa nyuma, ukimweka chini ametulia. Askari ni wa mraba, hana mapambo. Kinyozi ni mwembamba, wa wale wanaojiamini. Chini ya kila kichwa cha fimbo nikachonga neno moja, Satellite, kwa sababu ni hapa, kwenye meza ya kulia ya Mama yangu, nilipozichora zote.

Sasa jambo lenyewe. Msimamizi wetu wa karakana amestaafu na kwenda kwao Nyeri, na Bwana Njoroge alinitaka nichukue nafasi yake. Alinipa likizo kwanza, nikamalize hayo mambo ya gofu, kisha Jumatatu asubuhi, yaani kesho, nimpe jibu. Nami nilikuwa nimeshapanga. Leo wachezaji wa klabu moja ya upande huu wetu wangezijaribu putter zangu. Wakizipenda, Sila, mwalimu wa gofu wa pale ambaye pia ndiye anayeendesha kiduka cha klabu, angeziweka kwenye rafu yake, na kesho ningemwambia Njoroge ahsante lakini sirudi. Wakizikataa, ningefua ovaroli yangu leo jioni.

Hivyo ndivyo nilivyoingia siku ya leo, nikiwa na uhakika wa mambo yote.

Uhakika huo ulitokana na tepu. Majuma machache yaliyopita Sila aliniitia wale wachezaji wake wa kila Jumapili, nikawapima mmoja mmoja kama fundi wa nguo anayewapima watu wa harusi. Simama wima, mikono chini, angalia mbele. Kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka chini. Nikaufuata utaratibu ule ule unaofuatwa na watengenezaji wa fimbo kila mahali, nikamkatia kila mtu mpini wa urefu wake. Niliporudi nyumbani nilijisifu kwa Mama mpaka akaniuliza kama hao watu wanaenda kuoa.

Leo nimekosa kanisa. Mama alisimama mlangoni na Biblia kwapani, akaniangalia nikizifunga putter kwenye blanketi. Kisha akaweka mkono juu ya lile furushi na kusema, "Mungu abariki hivi vyuma, ingawa mimi sijui ni vya nini." Nimecheka njia nzima.

Klabuni nyasi zilikuwa bado na umande. Grini ya mazoezi, yaani kile kiwanja kidogo kilichonyolewa kama zulia, ilikuwa imejaa watu waliovaa sweta na kushika vikombe. Wana desturi yao pale: kabla ya kwenda kucheza wanashindana kusukuma mipira shimoni, na anayekuwa wa mwisho anawanunulia wenzake samosa. Sila aliwaambia kwamba leo mashindano ya samosa ni kwa putter za fundi.

Kitu cha kwanza walichofanya, wote bila kupungua, ni kuzigeuza na kutazama chini. Kama vile mtu anavyogeuza nyanya kutafuta mahali palipooza. Wakasoma lile neno.

"Satellite hii ya Riruta, ama ni kampuni ya majuu?" akauliza wakili mmoja mwenye sauti ya kortini.

"Ya Riruta," nikamjibu. "Ukifika uulize, kila mtu ananijua."

Wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kibaya. Majina yaliwafurahisha zaidi. Wakili alimchukua Mama Mboga wake, akamkumbatia na kuomba bibi yake asiambiwe. Mama Tina, nahodha wa wanawake, mwenye shule ya chekechea huko Jamhuri, alisema Kinyozi niliyemkatia anafanana na mumewe alipokuwa kijana. Mzee Gitau hakucheka. Mzee Gitau ana nyumba za kupangisha huko Uthiru na nadhani anazisikiliza putter kama anavyosikiliza sababu za wapangaji wake. Alimchukua Askari, akamgonga kwa ukucha, akaweka sikio karibu, akagonga tena. "Inalia vizuri," akasema. Moyo wangu ukaruka.

Kisha wakaanza kucheza.

Sijui niseme nini kuhusu nusu saa iliyofuata. Walikosa. Walikosa kutoka mbali, wakakosa kutoka karibu, wakakosa kutoka mahali ambapo hata mimi nisiyejua gofu ningeusukuma mpira kwa kiatu ukaingia. Mpira wa wakili ulikuwa ukikwenda kushoto kila mara, akawa anaufuata kwa macho kama shahidi aliyemsaliti. Mwanzoni walitaniana. Baadaye utani ukaisha, na ukiona watu wa gofu wameacha kutaniana ujue kuna msiba.

"Hii kitu iko na akili yake," akasema mmoja.

"Kwani imepinda?"

"Inalia poa, lakini haiskii mtu."

Mama Tina alinirudishia Kinyozi kwa mikono miwili, kwa upole, na kuniambia, "Nafula, ni nzuri sana ya kuangalia." Afadhali angenitukana. Wa kunitukana alikuwepo lakini. Mzee Gitau alikuja polepole, akamlaza Askari kwenye meza niliyozipangia putter na kusema, bila kupandisha sauti, "Msichana, hii rudisha posho mill." Yaani kwenye mashine zangu za kusaga unga.

Niliwaka. Nasema ukweli wangu hapa, niliwaka kutoka shingoni mpaka masikioni. Kwanza ilikuwa aibu, nikajiona kesho nimevaa ovaroli, watu wa karakana wakiniuliza gofu ilikwendaje. Kisha ikawa hasira. Ninakijua chuma. Vile vichwa vilikuwa sawa, nilivipima mimi mwenyewe mpaka macho yakauma. Nilitaka kulia, na kwa kuwa sikutaka kulia mbele ya watu wenye sweta za klabu, nilichukua samosa na kwenda kusimama kando ya gari la kuazima nililojia.

Nikiwa pale nikawaona wamezitoa putter zao za zamani. Na mipira ikaanza kuingia.

Niliwatazama kwa chuki, nikitafuta makosa yao, na makosa niliyapata mengi. Hakuna hata mmoja aliyesimama kama nilivyompima. Mzee Gitau alikuwa amejikunja mpaka pua yake inakaribia magoti, kama mtu aliyeangusha sindano. Mama Tina alisimama wima kabisa, mikono imenyooka mbele, ameishika fimbo kwenye ncha ya juu. Wakili alikuwa ameshika katikati ya mpini, chini ya mpira wa kushikia, magoti ameyatanua kama anayekamua ng'ombe. Nikasema moyoni, si hawa ndio hawajui kusimama! Nilikaribia kwenda kuwaambia. Namshukuru Mungu mdomo ulikuwa umejaa samosa.

Nilipomeza nilikuwa nimepoa kidogo. Nikamwendea Mama Tina, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mpole kwangu, nikamuuliza ni nani aliyemfundisha kusimama vile.

"Hakuna mtu alinifundisha," akasema. "Ni putter yangu ya kwanza. Nilitoa Toi, kwa mitumba. Sijui mwenyewe alikuwa mzungu wa urefu gani, ilikuwa inanifika huku." Akaonyesha kifuani. "Sasa ungeshikaje kitu kama hiyo? Nilisimama tu nikazoea."

Wakili akadakia. Yake ya kwanza ilitoka soko la Gikomba, na panya walikuwa wameula ule mpira wa kushikia, juu ikabaki ncha kali ya chuma kama mwiba. Akawa anashika chini ya mwiba. Mpira mpya aliuweka baadaye, lakini mikono ilikuwa imeshapata makao yake.

Sasa wote wakageuka kumtazama Mzee Gitau, na kwa jinsi walivyomtazama nilijua hadithi hiyo inajulikana.

"Yangu pia ilikuwa ya Toi," akasema.

"Mzee, malizia," akasema wakili.

"Ilikuwa na kibandiko cha dubu."

Watu waliangua kicheko mpaka mmoja akamwaga chai. Ilikuwa putter ya mtoto. Mzee Gitau hakujua. Aliinunua, akaichezea miaka na miaka, akashinda nayo zawadi, mpaka siku moja mgeni fulani akamuuliza kama ameazima ya mjukuu. Kwa hasira akanunua ya mtu mzima, akawa hapati hata shimo moja. Basi akaipeleka kwa seremala ikakatwa iwe ya urefu wa ile ya dubu, na ndiyo anayotumia mpaka leo.

Nami nilicheka, lakini kichwani kwangu kulikuwa kumewaka taa zote.

Nikawauliza na wengine. Katika watu wote waliokuwa pale, hakuna aliyenunuliwa putter yake ya kwanza kwa kipimo chake. Ilitoka kwa mitumba, au kwa bosi aliyekuwa akirudi kwao, au kwa mjomba. Ilikuja na urefu wake, na mtu akajikunja au akajinyoosha kuifuata. Ule utaratibu wangu wa kupima uliandikwa na watu wanaodhani kila mchezaji alianza kwa kuingia dukani na kuulizwa saizi yake. Tepu haikudanganya. Nilichokosea ni kuwapima watu wakiwa wamesimama kama wanaosubiri wimbo wa taifa, na hakuna anayecheza gofu akisubiri wimbo wa taifa. Nani angenikumbusha? Hata viatu vyangu vya kwanza vya shule vilikuwa vikubwa, nikavivaa na gazeti mbele. Mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Nikafungua buti la gari. Nilikuwa nimebeba jiliwa, lile koleo zito la kubana chuma kwenye meza, pamoja na msumeno, kwa sababu fundi hatoki nyumbani mikono mitupu. Nikalifunga kwenye meza ya mbao iliyo nje ya kiduka. Sila akatoka mbio.

"Fundi, unafanya nini?"

"Narekebisha."

Nilianza na Mzee Gitau kwa sababu ndiye aliyenitukana. Nikamwambia asimame, si kama nilivyompima, bali kama anavyocheza. Akajikunja. Nikatia alama ya chaki pale mikono yake ilipokuwa. Ilikuwa mbali sana na ncha ya juu, mbali kiasi cha kutisha. Aliiangalia chaki, akaniangalia.

"Ukikata haurudi," akasema.

"Haurudi, Mzee."

"Na nikikosa?"

"Utaniita jina lolote unalotaka, mbele ya hawa wote."

Nikauchana mpira wa kushikia, nikaukata mpini, nikaulainisha ncha. Nikakilaza kidogo kichwa cha Askari kwa kukibana kwenye jiliwa, maana mtu aliyejikunja anakiweka chini kwa namna nyingine. Nikavisha mpira mpya kwa gundi. Kwa kawaida ungeachwa ukauke mpaka kesho yake, lakini nikamwambia anywe chai moja taratibu. Mikono yangu haikutetemeka hata mara moja. Sisemi hivyo kwa majivuno. Sawa, nasema kwa majivuno kidogo. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua, na watu waliacha kuzungumza wakawa wananitazama nikiifanya.

Mpira wake wa kwanza ulipita shimo. Wa pili ukazunguka ukingo na kutoka. Nilisikia mtu akivuta pumzi. Wa tatu ukaingia bila kugusa popote, na uliofuata, na uliofuata huo. Akasogea nyuma bila kumwambia mtu neno, akaendelea. Alipokosa aliusogeza mpira mahali pale pale na kujaribu tena mpaka ukaingia. Mwishowe akaja mezani kwangu.

"Hii rangi ya mpira wa kushikia ni mbaya," akasema.

Akamtia Askari kwenye mfuko wake wa fimbo, akaenda zake.

Nimesifiwa mara kadhaa maishani. Bwana Njoroge aliwahi kuniambia mbele ya karakana nzima kwamba mkono wangu ni mwepesi. Lakini sikumbuki sifa iliyoniingia kama ile ya mpira wenye rangi mbaya.

Baada ya hapo walipanga foleni. Nilimkatia wakili, nikaukunja mkono wa sweta na kukatia wengine, nikiwaambia kila mmoja asimame kama mwenyewe. Ajabu ni kwamba waliona haya. Ukimwambia mtu mzima asimame kama anavyosimama kweli, kwanza anajirekebisha, kisha anakutazama kuona kama utamcheka. Niliwacheka kidogo. Si wote waliofaulu. Mmoja alikosa kwa fimbo ndefu, akakosa kwa fupi, na nadhani huyo atakosa hata kwa ufagio. Mama Tina sikuweza kumsaidia papo hapo, maana yeye alihitaji ndefu zaidi na mpini hauongezwi. Nikamwahidi Kinyozi mwingine ambaye hajakatwa.

Hapo ndipo Sila aliponiita kando. Sila ni mtu mwema, na biashara ya duka anaijua. Alikuwa ameshaona kila kitu. Akasema anazitaka, aina zote tatu, na ana wenzake katika klabu nyingine atakaowapigia simu. Kwa sharti moja: ziwe za urefu mmoja, ule wa kawaida, zifungwe kwenye plastiki, zipangwe kwenye rafu. Mambo ya msumeno hayawezekani dukani. Anayetaka kukata, ajitafutie.

"Watu wa shop wanataka kitu ya kushika na kwenda," akasema. "Hawana time ya kusimamishwa na kuchorwa chaki."

Ilikuwa ndiyo rafu niliyoijia. Ilikuwa pale, nimepewa, nikubali tu. Nikatazama vumbi la chuma lililomwagika kwenye nyasi, na nikayakumbuka yale ya asubuhi, mipira ikienda kila mahali isipokuwa shimoni. Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwamba akiziuza hivyo, watu watazichukua, watakosa nazo kama walivyokosa leo, watazigeuza wasome lile neno la chini na kusema vitu vya Satellite ni takataka. Mimi nataka ziuzwe zikiwa ndefu, na kila moja ikatwe mwenyewe akiwa amesimama mbele yangu.

"Basi kwa shelf yangu haitawezekana, fundi," akasema. Hakukasirika. Tulipeana mikono.

Nilikuwa nikizifunga kwenye blanketi Mama Tina aliponiuliza sasa watanipata wapi. Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. "Kenyatta Market, nyuma ya saluni ya Atieno. Kuanzia kesho."

Nyuma ya saluni ya Atieno hakuna kitu. Kuna chumba anachorundika mashine za kukausha nywele zilizokufa. Atieno ni rafiki yangu tangu shule ya msingi na siku moja tulitaniana kwamba nihamie humo na misumeno yangu. Ulikuwa utani tu.

"Atieno? Si huko ndiko nasukwa!" akasema Mama Tina. "Nitakuja na ya mzee wangu pia."

Nikampigia Atieno kabla sijatoka pale. Akacheka, akasema, "Wewe umepagawa. Kuja na ufagio wako."

Nilirudi nyumbani nikijiona mrefu kuliko nilivyotoka. Nilikuwa nimekataa rafu, na nilijiona jasiri sana. Njiani niliyapanga kichwani maneno ya kumwambia Bwana Njoroge, maneno ya heshima, maana ndiye aliyenifundisha kushika chuma nikiwa sijui chochote na hakuwahi kunifokea. Nikaona si adabu kumngojesha mpaka kesho. Nimempigia muda mfupi uliopita, kabla ya kuketi kuandika haya. Nikamwamkia, nikamwuliza habari za nyumbani, nikashusha pumzi na kumwambia kwamba sitaweza kuwa msimamizi wake.

"Hiyo kazi nilipatia Musyoka Ijumaa," akasema.

Nikadhani sikusikia. Akarudia. Ijumaa. Musyoka, mwenzangu wa karakana, ameshapewa hadi funguo.

"Na ulisema unaningoja mpaka Jumatatu, Mzee!"

"Nafula, ulikuwa umeenda kitambo. Wewe tu ndio ulikuwa hujajua. Sasa ningekuambia Ijumaa, ungeenda kwa hao watu leo kama mtu wa kuomba. Na mtu wa kuomba anaonekana kutoka mbali." Kisha akaniuliza kama waliifurahia ile kazi. Nikasema ndiyo. "Najua," akasema, akanitakia usiku mwema, akakata.

Ndiyo hasira niliyoitaja pale juu. Siku nzima nimesimama mbele ya wale watu nikijua nyuma yangu kuna mlango, na mlango ulikuwa umefungwa tangu Ijumaa. Nimemkatalia Sila kwa kichwa juu nikiwa na kazi ya mtu mwingine mfukoni. Sasa ule ujasiri ulikuwa wangu, au ulikuwa wa ile kazi ambayo sikuwa nayo? Ningejua, ningesema hapana?

Sijui. Nimejiuliza huku chai ikipoa na kweli sijui.

Nilichukua simu nikaitafuta namba ya Sila. Sioni haya kuandika hivyo. Bado ni mapema, angepokea, na nadhani ile rafu bado iko wazi. Kidole kilikuwa juu ya jina lake. Kisha nikamwona Mzee Gitau wa asubuhi, amesimama na ile fimbo ndefu niliyomkatia kwa kipimo, akikosa, akikosa tena. Angekosa vilevile, mimi niwe na kazi au nisiwe nayo. Nikaiweka simu chini.

Mama ameingia sasa hivi kutoka jikoni, anapangusa mikono kwa aproni. Amesikia nikizungumza na Njoroge, lakini amesikia upande wangu tu. Ameniuliza kesho aniamshe saa ngapi, na kama ninaenda Kirinyaga au wapi.

"Kenyatta Market, Mama," nimemwambia. "Uniamshe mapema."